Ovari Inayopumzika: Chakula, Dawa na Akiba ya Mayai kwa Wanyama

Mhadhara wa wazi kwa wakazi wa Eastlands, Ukumbi wa Jamii wa Kaloleni, Nairobi

Mtaa huu wa Kaloleni ulijengwa miaka ya 1940 kwa jasho la mateka wa vita wa Kiitaliano, na katika ukumbi huu wanasiasa wa enzi za kupigania uhuru walijadiliana hadi watu wakauita bunge. Waliotutangulia hapa walizungumzia nchi nzima. Mimi nimekuja na kiungo cha urefu wa sentimita tatu hivi.

Kiungo hicho ni ovari, kiwanda cha mayai katika mwili wa jike. Madhumuni yangu ni kueleza jinsi chakula na dawa fulani vimeweza kuchelewesha uzee wa ovari kwa wanyama, kisha kuonyesha ucheleweshaji huo unalipiwa bei gani. Nitatetea jambo moja tangu mwanzo hadi mwisho: kwa wengi wa wanyama hao, ovari ilidumu kwa sababu ilipumzishwa. Hakuna aliyeongezewa mayai. Anayetaka kutumia elimu hii, au kumuuzia jirani, lazima aanze na ukweli huo.

Hoja ya kwanza: akiba ya mayai hupungua hata isipotumika

Mtoto wa kike akiwa bado tumboni, mimba ikiwa na wiki 20 hivi, ovari zake huwa na vifuko vya mayai milioni 6 hadi 7. Siku anapozaliwa, tuseme pale Pumwani, hospitali ya uzazi iliyoanzishwa mwaka 1926 na iliyowapokea wengi waliomo humu ndani, amebakiwa na milioni 1 au 2. Akivunja ungo ana laki 3 au 4. Katika maisha yake yote, mayai yatakayokomaa na kutoka ni kama 400 au 500 tu. Hedhi inapokoma, mara nyingi karibu na miaka 50, vifuko vilivyosalia ni kama 1,000.

Pigeni hesabu wenyewe. Kwa kila yai moja linalotoka, mamia hufa ndani kwa ndani. Vifuko huamka kwa makundi siku zote, mwanamke awe na mimba, awe ananyonyesha, awe anameza tembe za kupanga uzazi. Kifuko kikishaamka hakirudi kulala: kikomae au kife. Kwa hiyo mama anayeogopa kwamba tembe zimemmalizia mayai, na yule anayedhani zimemhifadhia, wote wawili waondoe shaka leo. Tembe huzuia yai kutoka. Kupungua kwa akiba kunaendelea kama kawaida.

Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba hii huoza. Hata vifuko vilivyobaki usingizini vinazeeka: mitokondria zinazolipa yai nguvu huchoka, na protini zinazoshikilia kromosomu pamoja hulegea, ndiyo maana mimba za umri mkubwa huharibika mara nyingi zaidi. Mwaka 1951 mwanasayansi Solly Zuckerman alikusanya ushahidi kuonyesha kwamba jike wa mamalia huzaliwa na mayai yake yote na hatengenezi mengine. Mwaka 2004 kundi la Jonathan Tilly lilipinga kwa kutumia panya, na mabishano yakawa makali. Kwa binadamu, wataalamu wengi bado wanashikilia msimamo wa 1951.

Hoja ya pili: kasi ya uzee wa ovari si amri moja kwa viumbe wote

Kama uzee wa ovari ungekuwa na ratiba moja isiyobadilika, tusingekuwa na la kujadili. Lakini tazameni wanyama wa nyumbani kwetu, Afrika Mashariki.

Kule Ol Pejeta, Laikipia, wako vifaru weupe wa kaskazini wawili tu waliobaki duniani, wote majike: Najin, aliyezaliwa 1989, na bintiye Fatu, aliyezaliwa 2000. Dume wa mwisho, Sudan, alikufa Machi 2018. Tarehe 22 Agosti 2019 wataalamu waliwatoa mayai 10, matano kwa kila mmoja, yakapelekwa Italia kurutubishwa maabarani. Viinitete vilivyopatikana vilitokana na Fatu. Mama yake hakutoa hata kimoja, na Oktoba 2021 alistaafishwa katika zoezi hilo kwa sababu ya umri na uvimbe katika viungo vya uzazi. Tofauti kati ya mama na binti ni miaka 11, na juu ya miaka hiyo limening'inia tumaini la jamii nzima ya wanyama. Anayedhani uzee wa ovari ni mambo ya wanawake matajiri wa Ulaya awakumbuke hao wawili.

Huko Ngogo, katika msitu wa Kibale nchini Uganda, watafiti waliwafuatilia sokwe majike 185 kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 2023 walichapisha walichokiona: uzazi hushuka baada ya miaka 30, hakuna aliyezaa baada ya 50, na wengi wanaendelea kuishi. Sokwe hao wanakoma hedhi kama bibi zetu. Lakini ndovu wa Amboseli, wanaofuatiliwa tangu 1972, huweza kuzaa hata wakishapita miaka 50, ingawa kwa mwendo wa polepole.

Mnyama anayenishangaza zaidi ni fuko asiye na manyoya. Anaishi chini ya ardhi katika maeneo makavu ya Kenya, Ethiopia na Somalia, ana urefu wa kidole, na kwa sura, tuseme kweli, hakubahatika. Panya wa maabara huishi miaka mitatu hivi, lakini fuko huyu hupita 30. Katika kundi lao huzaa jike mmoja tu, malkia, naye huendelea kuzaa mpaka uzeeni. Mwaka 2023 kundi la Miguel Brieño-Enríquez huko Pittsburgh, Marekani, lilieleza siri yake: fuko mwenye umri wa siku 8 ana seli za mayai kama milioni moja na nusu, mara 95 kuliko panya wa umri huo, na seli zake za uzazi huendelea kugawanyika baada ya kuzaliwa. Jike wa kawaida akitengwa na malkia, seli hizo zilizokuwa zimetulia huanza kazi ya kutengeneza mayai. Huyu ndiye anayeongezewa akiba kwelikweli, na aliongezewa na maumbile. Chakula na dawa havijamfikisha hapo mnyama mwingine yeyote.

Hoja ya tatu: chakula kidogo huipumzisha ovari

Tangu mwaka 1935, Clive McCay wa Chuo Kikuu cha Cornell alipoonyesha kwamba panya wanaopunguziwa chakula huishi zaidi, wanasayansi wamejiuliza kama uzazi nao hudumu. Mwaka 2008 kundi la Tilly lilichukua panya majike waliokwisha kukomaa, likawapunguzia chakula huku likihakikisha vitamini na madini hayapungui, kisha likawarudishia chakula cha kutosha uzeeni. Waliendelea kuzaa katika umri ambao wenzao walioshiba siku zote walikuwa wamekoma, na watoto wao waliokoka kwa wingi zaidi.

Inakuwaje? Ndani ya seli kuna protini iitwayo mTOR. Fanyeni kama ni fundi mkuu wa mjengo. Saruji na mchanga vikija kwa wingi, anaamuru ukuta upande. Visipokuja, anawaambia vibarua wachambue mabaki, watumie mawe ya zamani, wasianze chumba kipya. Chakula kingi, hasa protini na sukari, humpa mTOR amri ya kujenga, na vifuko vya mayai huamka kwa wingi. Chakula kikipungua, ujenzi husimama, seli husafisha takataka zake, na vifuko vingi hubaki usingizini.

Akina mama wafugaji, hili mnalijua kwa mikono yenu. Kuku wa mayai huanza kutaga akiwa na wiki 18 hadi 20, hufikia kilele wiki chache baadaye, na kati ya wiki ya 72 na 80 mnaanza kumtazama kwa jicho la soko la nyama la Burma, maana gharama ya chakula imezidi mayai. Lakini kuku huyo hajaishiwa. Kifaranga jike huanguliwa na mayai machanga laki kadhaa, tena katika ovari moja tu inayofanya kazi, ile ya kushoto. Kinachochoka ni mpangilio wa kazi: mayai yanapishana siku, maganda yanakuwa laini.

Mashamba makubwa ya ng'ambo yalizoea kuwanyima kuku hao chakula kwa siku kadhaa. Kuku alipungua uzito, akanyonyoka manyoya, ovari ikanywea, akaacha kutaga kabisa. Aliporudishiwa chakula alianza msimu wa pili, akitaga zaidi ya alipokuwa ameachia na kwa maganda magumu, ila hakurudi kwenye kilele cha ujana wake. Wazalishaji wa mayai wa Marekani waliondoa kunyima chakula katika kanuni zao kuanzia 2006 kwa sababu ya mateso ya ndege, wakahamia vyakula hafifu vinavyoleta matokeo yaleyale. Nasema hivi mwelewe kanuni iliyomo. Tafadhali msiende nyumbani kuwafungia kuku njaa na kusema mliagizwa na mhadhara.

Kuna upande wa pili wa kanuni hiyo. Kuku wazazi wa kuku wa nyama wakiachwa wale watakavyo, ovari zao huamsha viini vingi kwa wakati mmoja, mayai hutoka bila mpango, mengine yana viini viwili, mengine hayana ganda, na jumla ya mayai mazuri hupungua. Ndiyo maana wafugaji wao huwapimia chakula kila siku. Shibe iliyopita kiasi haimzidishii jike uzazi.

Hoja ya nne: dawa huiga njaa

Kama chakula kidogo humtuliza fundi mkuu, je, hatuwezi kumtuliza bila kumnyima mtu mlo? Hapo ndipo dawa zinapoingia.

Ya kwanza ni rapamaisini. Ilitokana na bakteria waliomo katika udongo wa kisiwa cha Pasaka, ambacho wenyeji hukiita Rapa Nui, uliokusanywa na msafara wa wanasayansi mwaka 1964. Hospitalini hutumika kuzuia mwili usikatae figo ya kupandikizwa, na kazi yake ni kuizima mTOR. Mwaka 2009 ilionyeshwa kuwaongezea panya maisha hata walipoanzishiwa uzeeni. Mwaka 2017 watafiti waliwapa panya majike dawa hiyo kwa wiki mbili tu, vijana katika kundi lao na wa umri wa kati katika lao. Wakati wa dawa ukuaji wa vifuko ulisimama na uzazi ukashuka. Baada ya muda ovari zikarejea kazini, na panya wale wakaendelea kuzaa muda mrefu kuliko wasiopewa. Mwaka 2023 Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kilianza jaribio la kuwapa wanawake dozi ndogo mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu ili kupima kama ovari zao zitazeeka polepole.

Ya pili ni metformini, tembe ya kisukari ambayo bila shaka imo katika mikoba kadhaa humu ukumbini. Katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania State ilitiwa katika chakula cha wale kuku wazazi niliowataja. Waliopewa dozi ya juu walipungua mafuta mwilini, mpangilio wa ovari ukatengemaa, na wakataga mayai zaidi. Matokeo yalichapishwa 2023. Mwaka 2024 watafiti wa China walitangaza kwamba metformini ilipunguza dalili za uzee kwa nyani, habari ikaenea mitandaoni kana kwamba dawa ya ujana imepatikana. Wengi walioisambaza hawakusema kwamba nyani wote wa utafiti ule walikuwa madume. Swali la ovari halikugusika hata kidogo.

Nyingine nitazipitia upesi. Viambato vinavyoongeza molekuli ya NAD mwilini viliboresha mayai ya panya wazee katika utafiti wa Australia wa 2020. Spamidini, inayopatikana katika soya na uyoga, ilisaidia seli za mayai ya panya wazee kuondoa mitokondria mbovu, utafiti wa 2023. Mafuta ya omega-3 katika chakula cha panya yalirefusha muda wao wa kuzaa, utafiti wa 2012. Omega-3 imo katika omena wa Ziwa Victoria mnaonunua Gikomba. Kula omena kwa sababu ni chakula kizuri, mtu yeyote anaweza kukushauri. Anayekuuzia kopo la vidonge na kukuahidi mimba ukiwa na miaka 48, mwulize: jaribio hilo alifanyiwa nani, panya au mama?

Hoja ya tano: kila pumziko lina bei yake

Sasa unganisheni mliyoyasikia. Panya aliyepunguziwa chakula alizaa kidogo wakati wa njaa yake. Panya wa rapamaisini alipunguza kuzaa wakati wa dawa. Kuku aliyenyimwa chakula aliacha kutaga. Mara kwa mara, muda ulioongezwa mwishoni ulikatwa mwanzoni. Mwili uliosikia habari ya uhaba uliahirisha uzazi mpaka mambo yatengemae, na kuahirisha huko ndiko tunakokuita kuchelewesha uzee.

Kwa mwanamke anayetaka mtoto mwaka huu, dawa inayoilaza ovari inampeleka kinyume. Rapamaisini pia hudhoofisha kinga ya mwili, na mitaa yetu ina kifua kikuu. Metformini kwenye chakula cha kuku wa nyumbani ni dawa inayoweza kuishia kwenye mayai anayokula mtoto wako asubuhi. Kwa hiyo dawa hizi ni za daktari na za maabara. Hazina kazi katika agroveti wala katika kibanda cha mwuza dawa wa stendi.

Onyo kubwa zaidi linahusu njaa. Panya wa maabara aliyepunguziwa chakula alipewa kila vitamini na kila madini, alilala pakavu, hakuwa na minyoo. Mama wa Mathare anayeruka mlo wa jioni ili watoto wale hayuko katika jaribio hilo. Uholanzi ilipopigwa na njaa ya vita, 1944 hadi 1945, watafiti walikuja kuwafuatilia wanawake walioipitia wakiwa wadogo, wakakuta hedhi yao ilikoma mapema kidogo kuliko ya wengine, hasa waliokuwa watoto wa umri wa chekechea. Njaa ya utotoni ilizeesha ovari. Asije mtu akasimama mbele ya umaskini wetu na kuupamba kwa jina la sayansi.

Hoja ya sita: kilicho karibu nasi ni kuondoa kinachoua vifuko

Mpaka hapa tumezungumzia kuchelewesha. Kuna njia fupi zaidi, nayo ni kuacha kuharibu. Wanawake wanaovuta sigara hukoma hedhi mapema, kwa kadiri ya mwaka mmoja au miwili. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani na wenzao walionyesha kwa panya jinsi kemikali za moshi, zile zitokanazo na kuungua kwa tumbaku, mafuta na takataka, zinavyoingia katika seli ya yai na kuiamuru ijiue. Kifuko kilichouawa namna hiyo hakirudi, na hakuna rapamaisini itakayokifufua.

Sasa tazameni upande wa kaskazini mashariki ya hapa. Jaa la Dandora lilifunguliwa 1975, na takataka zake huungua usiku na mchana. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilitoa ripoti iliyowapima watoto 328 wa maeneo ya jirani, na nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kupita kiwango kilichokubalika wakati huo. Watoto wa kike waliokuwemo sasa ni mama au wanakaribia kuwa. Mkiniuliza ni hatua gani ya kulinda ovari ambayo Eastlands inaweza kudai bila kusubiri maabara ya New York, nitawajibu: kuzima moshi wa Dandora.

Hitimisho

Nimesema kwamba akiba ya mayai hupungua hata isipotumika, kwamba kasi yake hutofautiana, kwamba chakula na dawa huipunguza kasi hiyo kwa kuipumzisha ovari, kwamba pumziko lina bei, na kwamba uharibifu tunaoweza kuuzuia uko mlangoni petu.

Miaka ijayo italeta majaribio kwa wanawake, na siku moja yatafika Nairobi. Mtaa wetu una uzoefu. Tangu 1985 wanawake wa Majengo, Pumwani, wameshiriki utafiti wa Ukimwi wa Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Manitoba, uliohusisha Profesa Elizabeth Ngugi, na dunia ilijifunza mengi kutokana na wale wachache ambao virusi havikuwashika ingawa walikutana navyo mara nyingi. Elimu ile ilitoka Eastlands. Kwa hiyo mtafiti wa ovari akija, akina mama, mpokeeni, kisha mwulizeni maswali manne kabla ya kutia sahihi: dawa hii imejaribiwa kwa mnyama yupi, jike au dume, ovari yangu italala kwa muda gani, nani atanitibu nikidhurika, na ikifaa, itauzwa hapa kwa bei ambayo binti yangu ataimudu? Nanyi wahudumu wa afya ya jamii, maswali hayo manne myabebe nyumba kwa nyumba kuanzia wiki hii, pamoja na dai la kuzima moshi.